Aljebra ni Yetu, Mbona Twaikimbia?

Hivi karibuni nilifunga safari kwenda Matinyani kumtazama mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye amepelekwa huko kufundisha hesabu. Kwa wasomaji wasiopajua, Matinyani ni kata katika eneo-bunge la Kitui Magharibi, Ukambani. Mtu wa Mombasa hushika njia kuu ya Nairobi mpaka Kibwezi, hapo huacha njia ya watu wengi na kuelekea Ikutha, Mutomo hata Kitui mjini, kisha hutafuta matatu ya kumfikisha. Ni nchi ya maembe, asali na ndengu, zile ambazo sisi twaziita pojo. Mito yake kwa miezi mingi huwa ni mchanga mtupu, na mwenye kiu huchimba mchanga huo akayapata maji chini yake.

Sikwenda kuandika habari yoyote. Nilikwenda kupumzika na kula maembe. Lakini usiku wa pili lilinifika jambo ambalo tangu nirudi halijanitoka rohoni, nami naona si haki nikae nalo peke yangu.

Mpwa wangu alikuwa amekwenda Kitui kwa shughuli za kikazi na alikuwa hajarudi. Nimemaliza kuswali magharibi, bado niko juu ya mswala, nikasikia hodi. Alikuwa msichana wa gredi ya 8, ameshika daftari, na nyuma yake bibi yake ameshika taa ndogo ya sola. Walikuja kumtafuta mwalimu. Nikawaambia mwalimu hayupo, ila mjomba wake yupo. Msichana akanitazama kama mtu anayepima kitu asichokuwa na hakika nacho, kisha akasema, “Babu, wewe unajua aljebra?”

Hapana budi nikiri kwamba moyo ulinishituka. Mimi ni katika wale walioichukia aljebra toka utotoni. Nilipokuwa skuli, mwalimu mmoja aliandika x ubaoni, nami nikamwuliza x hiyo ni nini. Jibu lake lilikuwa kofi. Sikuuliza tena, na naweza kusema kuwa tangu siku ile mimi na x tukawa kama mtu na mkwewe: twajuana, lakini kila mmoja ampisha mwenziwe njiani.

Nikamkaribisha hata hivyo. Akafungua daftari. Hesabu ya kwanza ilikuwa hii: 5x − 8 = 2x + 13. Chini yake alikuwa ameshaandika: x = 7. Nikafurahi, nikamwambia, “Mbona umeshapata jibu, mjukuu wangu?” Akasema neno lililonifanya nivute kiti nikae vizuri. Alisema, “Jibu ninalo, babu. Nataka kujua limetoka wapi.”

Jibu alilipata katika simu ya binamu yake. Siku hizi zipo programu, kama ile iitwayo Photomath iliyotoka mwaka 2014, ambazo mtoto huielekeza simu kwenye hesabu, simu ikaipiga picha, na kufumba na kufumbua jibu likatoka. Nasema haya si kwa kuzilaumu. Programu hizo huonyesha hata hatua moja moja za kufikia jibu, na mwenye akili timamu na muda wa kutosha aweza kujifunza humo. Lakini hatua zile zimeandikwa kwa Kiingereza cha mkato, na simu yenyewe ni ya kuazima, na mwenye simu amesimama mlangoni ataka simu yake. Mtoto anakili jibu, anakwenda zake, na kesho mwalimu anataka njia.

Basi tukaanza. Nikamwuliza kama nilivyouliza mimi zamani: x ni nini? Akasema, “Ni herufi.” Nikamwambia ni kweli, lakini imesimama badala ya kitu. Bibi yake, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni na Kiingereza hakijui kabisa, akadakia: “Kindu.” Ndivyo Wakamba waitavyo kitu. Nikasema, naam, kindu. Kindu hicho hatukijui ukubwa wake, lakini tunajua habari zake. Vitano vyake vimepungukiwa na nane, na viwili vyake vimezidishwa kumi na tatu, na pande zote mbili ziko sawa.

Nikaona bibi amekunja uso. Nikamwuliza kazi yake, akasema huuza ndengu sokoni. Tukaacha vindu vya hewani, tukashika mafungu ya ndengu. Mizani iko mbele yetu. Upande huu pana mafungu matano yaliyo sawasawa, lakini mtu amechota kilo 8. Upande wa pili pana mafungu mawili kama yale, na mtu ameongeza kilo 13. Mizani imelala sawa. Fungu moja ni kilo ngapi?

Bibi akasema kwanza zirudishwe zile kilo 8 zilizochotwa, maana hesabu ya kitu kilichodokolewa haina raha. Lakini ukirudisha huku, akasema, na kule uongeze 8, la sivyo mizani itainama. Msichana akaandika: mafungu matano ni sawa na mafungu mawili na kilo 21. Kisha bibi akanyoosha mikono miwili, mmoja huku na mmoja kule, akatoa mafungu mawili kila upande. Yakabaki matatu kwa kilo 21. Kabla mjukuu hajagawanya, bibi akasema, “Muonza.” Saba.

Msichana alicheka mpaka akaziba mdomo kwa daftari. Hesabu ya pili aliifanya mwenyewe huku akinong'ona kindu, kindu. Ya tatu aliandika x bila kunong'ona. Mpwa wangu aliporudi saa tatu usiku alitukuta kwenye hesabu ya sita, na kwa muda hakusema kitu, alisimama tu mlangoni na mfuko wake wa mkate.

Sasa, ndugu msomaji, niruhusu nikueleze kwa nini nilisema na mtoto yule namna ile, maana sikuyavumbua mimi. Mtu aliyeitia duniani elimu hii kama elimu yenye kusimama peke yake alikuwa Mwislamu, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, mwanzoni mwa karne ya 9. Kitabu chake kilikuwa juu ya hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Wazungu wakalichukua lile neno la kwanza wakalifanya “algebra”. Al-jabr maana yake ni kukirudishia kitu kilichovunjika au kilichopunguka, kama mwunga mifupa arudishavyo mfupa mahali pake. Huko Uhispania, ambako Waislamu walikaa karne nyingi, mwunga mifupa naye aliitwa “algebrista”. Na al-muqabala je? Neno hilo tunalo midomoni mwetu kila siku. Nyumba yangu iko mkabala na msikiti. Watu wawili wamekabiliana. Ni kuviweka vitu uso kwa uso, kinachofanana huku kikatoana na kinachofanana kule.

Bibi wa Matinyani alifanya yote mawili kwa mpangilio ule ule. Kilo 8 alizirudisha: hiyo ndiyo jabr. Mafungu mawili aliyatoa huku na kule: hiyo ndiyo muqabala.

Kuna na la pili linalostaajabisha zaidi. Al-Khwarizmi hakuwa na x. Hakuwa na alama ya kujumlisha wala ya sawasawa. Kitabu chake kizima kimeandikwa kwa maneno, na hata tarakimu humo ni maneno. Lile lisilojulikana aliliita mzizi, au “shay”, yaani kitu. Na kitu kilichozidishwa kwa nafsi yake, ambacho mtoto wa leo huandika x na kijidadi cha 2 juu yake, alikiita “mal”, neno lile lile tunalosema sisi mali. Kwa hivyo mtoto anaponong'ona “kindu, kindu” hajashuka daraja kwenda kwenye hesabu za kitoto. Anasema kama alivyosema mwenye elimu yake.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Twasikia kila mahali malalamiko kwamba watoto hawapati msaada wa kazi za nyumbani, hasa hesabu. Malalamiko ni ya kweli. Mtaala wa umilisi, ulioanza kuenezwa nchini mwaka 2019, humtaka mzazi ashiriki katika masomo ya mwanawe, na mzazi mwenyewe huenda aliacha skuli darasa la nne. Mwaka 2023 gredi ya 7 ilipoanza, ikawekwa katika shule za msingi, na shule nyingi zikabaki kutafuta walimu wa hesabu na sayansi. Masomo ya ziada wakati wa likizo yamekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, na mwenye uwezo humwajiri mwalimu aje nyumbani kimyakimya. Asiye na uwezo ndiye yule anayebisha hodi usiku na taa ya sola.

Hata hivyo, naona tumekosea katika kufahamu msaada ni nini. Tumedhani msaada ni mtu ajuaye jibu. Jibu sasa liko kwenye simu, tena bure. Kinachokosekana ni maneno. Mtoto wa Matinyani huzaliwa katika Kikamba, Kiswahili akakiokota sokoni na darasani, na hesabu akafundishwa kwa Kiingereza. Mambo mawili yamemlemea pamoja, lugha na hesabu, na yeye hajui ni lipi kati ya hayo lililomwangusha. Akishindwa, huambiwa hana kichwa cha hesabu. Wangapi wetu tumeambiwa hivyo, na ilhali hatukupewa hata nafasi ya kujua tunahesabu nini?

Najua watakaonijibu kwamba mtihani ni wa Kiingereza, na mtoto akizoea kindu atakwama mbele ya karatasi. Sikubali. Msichana yule alihitaji neno kindu kwa hesabu mbili tu, kisha akaliweka kando kama mtu awekavyo mkongojo mguu ukipona. Ndugu zetu wa Tanzania wamefundisha hesabu za shule za msingi kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na watoto wao husema mlinganyo, hisabati na kipeo bila kupasuka midomo. Mimi siombi mtihani ubadilishwe. Naomba ile saa moja ya usiku, mtoto na mkubwa mmoja, isemwe lugha ambayo wote wawili wanaielewa.

Sasa nirudi kwetu pwani, maana aibu yangu iko huku zaidi kuliko Ukambani. Sisi tunayo maneno. Wakamba wa karne ya 19, kina Kivoi wa Kitui, walipoleta pembe za ndovu Mombasa, walizikuta hesabu zetu zimeshajaa maneno ya Kiarabu: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Sijui kabila jingine la jirani zetu lenye majina ya mafungu kamili namna hii. Mtoto wa Kisauni au Malindi asikiapo “one eighth” darasani akababaika, hajui kwamba bibi yake alikuwa akisema thumuni kila alipotumwa dukani.

Na majina hayo hatukuyapata kwa biashara tu. Tumeyashika kwa ajili ya mirathi. Kila anapofariki mtu, masheikh wetu hukaa wakagawanya, na wanachokifanya, wapende wasipende kukiita hivyo, ni aljebra. Chukua mfano huu. Mtu amekufa, ameacha mke, mama, mtoto mmoja mwanamume na mmoja mwanamke. Mali yake ni shamba la minazi 72, na tuseme minazi yote ni sawa. Mke ana thumuni kwa kuwa yuko mtoto: minazi 9. Mama ana sudusi: minazi 12. Iliyobaki ni 51, na mwanamume hupata mara mbili ya mwanamke. Fungu la binti hulijui. Liite kitu. Kaka yake ana vitu viwili. Vitu vitatu ni minazi 51, basi kitu ni 17. Binti 17, kaka 34. Jumlisha na zile 9 na 12, utaikuta 72 haikupungua hata mnazi mmoja.

Mwalimu wa skuli angeandika 9 + 12 + 2x + x = 72. Maalim wa chuoni angesema hiyo ni faraidh. Mtoto mmoja huketi kwa mwalimu asubuhi na kwa maalim alasiri, na hakuna hata mmoja anayemwambia kuwa ni jambo moja.

Wala msidhani kwamba mimi ndimi ninayeyalazimisha yafungamane. Al-Khwarizmi mwenyewe katika dibaji yake alieleza kwamba Khalifa alimhimiza aandike kitabu chepesi cha yale watu wanayohitaji katika mirathi, wasia, kugawana, kesi, biashara na kupima ardhi. Sehemu ndefu ya mwisho wa kitabu ni masuala ya wasia na mirathi tupu, moja baada ya jingine. Robert wa Chester alipokitafsiri kwa Kilatini mwaka 1145, sehemu hiyo haikuingia. Ulaya ikapokea milinganyo bila wafiwa, bila mashamba, bila mabinti waliokuwa wakidai haki yao. Karne zikapita, elimu ile ikaturudia pwani kwa meli na vitabu vya skuli, ikiwa kavu, imevaa x, nasi hatukuitambua. Tukasema ni ya Wazungu. Masikini, kama mtu aliyepotelewa na mbuzi akaenda kumnunua sokoni kwa bei ya juu, naye kamba ya shingoni ni yake.

Kuna mtu aliyelia na jambo hili kabla yetu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947, alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 hapa hapa Mombasa, akiwahimiza Waislamu wasiiache elimu ya zama zao. Aliandika kwa Kiswahili ili wasomaji wake wafahamu. Nadhani hilo la pili twalisahau kila tunapomtaja.

Nisiwapendelee masheikh wala nisiwaonee. Wengi wao hawakufundishwa kuwa wanachokijua kina jina jingine. Na wako watu miongoni mwetu wanaosema kuleta daftari la skuli chuoni ni kuchanganya dini na dunia. Hao ningependa wanieleze ile minazi 72 iko upande gani. Binti akipewa 15 badala ya 17 kwa kuwa hajui kuhesabu na hakuna wa kumhesabia, je, kosa hilo ni la dunia tu? Mahakama ya Kadhi iko, Katiba ya 2010 imeithibitisha katika kifungu cha 170 na urithi ni katika kazi zake. Lakini mwenye haki huanza kudhulumiwa nyumbani, barazani, mbele ya ndugu zake, muda mrefu kabla hajafika mahakamani. Nimeona dada zetu wakitia saini karatasi za mirathi huku wakiangalia sura ya kaka yao, si tarakimu.

Kwa sababu hiyo naona mahali pa msaada wa aljebra, kwetu sisi, ni pale pale chuoni. Mikeka ipo. Ubao upo. Baina ya magharibi na isha watoto wako pale pale tayari. Siku mbili kwa juma maalim awafungulie mlango wa faraidh kwa mifano midogo, na kijana mmoja wa sekondari akae naye, amwonyeshe namna skuli inavyoyaandika maneno yale yale. Kijana atafunzwa na maalim, na maalim atafunzwa na kijana. Haihitaji mfadhili, wala kamati ya watu kumi na mbili.

Nilipoaga Matinyani, msichana alikuja na bibi yake wakaniletea ndengu kilo mbili katika mfuko wa karatasi. Msichana akasema, “Babu, kindu ni mbili.” Nikamwambia amenipunja, maana aljebra sita kwa kilo mbili ni rahisi mno. Bibi alipotafsiriwa akasema nirudi mvua zikinyesha vizuri.

Nilizila ndengu hizo kwa nazi hapa nyumbani, na juma lile lile nikamwendea maalim wa msikiti wetu nikamweleza yote niliyoyaeleza hapa, na minazi na mafungu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaitaka kalamu, akaniandikia suala la mirathi lenye mume, dada wawili wa baba na mama mmoja, ambamo nusu na thuluthi mbili zimezidi fungu zima. Akanitazama nikitoa jasho. Kisha akacheka, akanionyesha namna sita inavyopandishwa ikawa saba, mume akachukua tatu na madada nne. Nikamwambia, maalim, hilo ndilo hasa, waonyeshe watoto. Akasema hana neno, siku ya Jumatatu na Alhamisi zamfaa, ila je, nani atalipa umeme wa saa hiyo ya ziada?

Tumeanza kukusanya. Mpaka jana tulikuwa na watu wanne walioahidi, na mmoja aliyetoa.